Tisheti ya Kufifia

Juzi nilikuwa katika lile duka la Kitui lililoleta kompyuta mwaka huu, nikingoja kopi za barua. Mama mmoja akaingia na picha ya paspoti ya mwanawe. Alitaka ichapwe kwenye tisheti, aivae Jumamosi kwenye mazishi ya kijana huyo.

Mwenye duka alimpa pole, kisha akatandika tisheti mbili za mfano juu ya kaunta.

"Mwaitu," alimwita, yaani mama kwa Kikamba, "hizi zote nimefua mara kumi. Hii ni ya wino rahisi na karatasi rahisi ya kuhamishia picha. Ona, uso umeanza kupotea. Hii ingine ni wino mzuri na karatasi hii ya kutoka Nairobi. Nikishapiga pasi, picha haitoki. Chukua hii."

Mama aliweka kiganja juu ya ile iliyopauka, akapapasa mahali palipokuwa na macho.

"Nipe hii."

"Lakini itaisha, mwaitu."

"Najua. Kijana wangu alitoka asubuhi akienda kazi, na saa nne nikaambiwa hayuko. Kikombe chake kilikuwa bado mezani. Huyu wa tisheti nitamfua mwenyewe, aende polepole, mpaka nizoee."

Mwenye duka alirudisha karatasi ya Nairobi kwenye bahasha yake, akawasha mashine ya pasi.

Kwa miaka mingi nimelalamika katika safu hii juu ya vitu visivyodumu, kuanzia viatu hadi barabara. Sikujua kuna mtu anayevihitaji.