Mkebe wa Jiometri Wapata Upako

Jumamosi nilikwenda, kama mzazi, kwenye siku ya maombi ya watahiniwa wa kidato cha nne katika shule moja upande wa Endebess. Mhubiri aliyealikwa kutoka Bungoma alituambia sisi wazazi tuinue juu vifaa vya mtihani vya watoto wetu.

"Leo shetani wa hesabu anatoka!" akanguruma.

Kalamu zikapanda, vikokotoo vikapanda. Mama mmoja mbele yangu aliinua mkebe wa jiometri kwa mikono miwili, macho kayafumba, machozi yakimtiririka. Binti yake akamvuta leso.

"Mama, teremsha. Si tutoe nailoni kwanza!"

"Wacha! Upako hauzuiwi na nailoni."

Kweli, mkebe ulikuwa umefungwa vilevile ulivyotoka dukani. Mwalimu wa hesabu, aliyesimama kando yangu, aliutazama kwa muda mrefu.

"Huyu binti nimemfundisha miaka minne," akaninong'oneza. "Kila siku ati mkebe amesahau nyumbani. Leo mimi na Mungu tunauona pamoja mara ya kwanza."

Mwenyewe hakucheka. Mimi nilicheka, na papo hapo nikaanza kuitunga safu hii kichwani, ya kuwakemea wazazi wanaomwomba Mungu afungue mkebe ambao mtoto hajaufungua tangu kidato cha kwanza.

Tukasema amina. Nikaushusha mkebe wa mwanangu, nikautia mfukoni polepole kabla mwalimu hajageuka. Nailoni yake ikapiga kelele ukumbi mzima ukasikia.