Kioo cha Bibi Kilipogeuka Kahawia Chote

Shangazi yangu anaitwa Madoa. Jina la heshima analo, lakini ukilitaja nyumbani watakuuliza, "Huyo ni nani tena?" Ilikuwa harusi ya binamu. Shangazi akabadilishia nguo kazini, akaegemea meza kidogo, akaingia ukumbini na gauni jeupe, madaha tele. Kugeuka tu, nyuma kuna doa la kahawia. Tena mahali pabaya, jamani! Mama akamrukia na mtandio: "Wifi, kaa chini!" Badala ya kunyamaza akapaza sauti, "Ni rangi ya maabara!" Kumbe muziki umezimwa. Akajimaliza mwenyewe.

Na kweli ni rangi ya maabara. Kazi yake ni kupaka rangi vinyama vya saratani ya ovari, vipande vyembamba vilivyobandikwa kwenye vioo vidogo. Mimi kichwa maji alinielewesha hivi: ukipiga dawa, seli nyingi za saratani zinakufa, ila kuna chache sugu, zinaitwa seli shina. Hizo zinajibanza, dawa ikiisha zinazaa ukoo mpya. Juu yake zina alama, protini fulani. Shangazi anamwagia kingamwili inayonasa alama hiyo, kisha rangi. Penye alama panakuwa kahawia, pasipo alama panabaki buluu.

Sasa Bibi, mama yake Shangazi, alishatolewa ovari kwa saratani hiyohiyo na kumaliza dawa. Nywele zikarudi, matusi yakarudi. Halafu akapapasa kinundu pembeni ya kovu. Nyumba nzima ikapoa. Bibi akatufokea, "Mbona mnaniangalia kama maiti iliyoomba chai? Leteni chakula!"

Kipande cha kinundu kikapelekwa maabara ya kina Shangazi. Daktari akaona seli chache za kutilia shaka, akaomba alama zipimwe. Alama peke yake haihukumu, alisema, ila ingemsaidia kuamua. Na sheria yao ni kwamba hugusi kipimo cha ndugu yako. Kazi akapewa Kipara, jirani yake wa meza, ambaye ndiye aliyenisimulia haya huku amejiziba uso.

Kipara kwa huruma akataka kumharakishia mwenzake. Haraka haraka, akaruka hatua. Chembe za damu hujipaka kahawia zenyewe hata bila alama, kwa hiyo lazima zizimwe kwanza na dawa. Hakuzizima. Kioo kikatoka kahawia pembe zote. Shangazi, mlangoni, akakiona kikiinuliwa kwenye mwanga. Akakaa sakafuni, koti na yote.

"Mama yangu," akasema. "Imerudi."

Kipara akampa maji, yakamwagika. Kisha Shangazi, pua inamtiririka, akauliza, "Na kile kioo cha pili?"

Kila wakipaka, wanapaka na kioo kingine cha kinyama kilekile, bila kingamwili. Hicho lazima kibaki buluu. Kipara akakiinua. Kahawia tupu, kama kutu.

"We Kipara! Ulizima damu wewe?"

Kipara akajifanya anafuta meza.

"Nakuuliza!"

"Dada... nilikuwa nakuhurumia."

"Huruma yako nusura inizike! Rudia! Tena taratibu, kama bwana harusi mwenye viatu vya kuazima!"

Akarudia. Vyote viwili vikatoka buluu, na kioo cha tatu, cha saratani wanayoijua, ambacho huwekwa kwa kulinganishia, kikawa kahawia kama kawaida yake. Daktari akavisoma pamoja na vile alivyovitilia shaka mwanzoni, akasema si saratani. Uzi wa mshono ulibaki ndani, mwili ukaukasirikia.

Shangazi akanipigia simu, analia na kucheka. Bibi akanipokonya simu. "Uzi? Mmeninyima usingizi kwa ajili ya uzi? Aliyenishona aje, nimfundishe kushona!"

Kliniki ataendelea, hilo halina mjadala. Lakini siku ile alikula, akaomba tena, na baba yangu, bingwa wa kukunja sura, alikutwa jikoni anaosha vyombo huku anapiga mluzi.

Haya, zamu yenu. Nani kwenu alisubiri majibu roho juu, yakaja mazuri? Mwageni hapo chini. Bibi kasema nimsomee zote, na za uongo anazijua.