Kiti cha Dereva

Kwetu Pemba hakuna reli. Watoto niliowafundisha ufundi shuleni walipotaka kuchora treni walichora basi, wakaliongezea bomba la moshi, wakaliweka juu ya ngazi iliyolazwa chini. Sikuwacheka. Mtu huchora anachokijua, na mimi nilichokijua nilikipata kwa baba yangu.

Baba alizaliwa bara. Ujanani alikuwa fayamani, yaani yule anayelisha kuni moto wa injini ya mvuke huku dereva akiiendesha. Msimu mmoja alivuka kuja kuchuma karafuu, akaoa kijijini kwetu Mgogoni, hakurudi tena. Hakuja na karatasi ya kazi wala picha, ila maneno tu. Wenyeji walimsikiliza kwa furaha na hawakumwamini. Kijijini mtu akitia chumvi mno, hata leo huambiwa, "Hilo sasa gari moshi la mzee." Baba aliyasikia hayo akipita, akaitikia salamu, akaenda zake. Nyumbani alikuwa akiniuliza, "Weye waniamini?" Nikisema ndiyo, anaendelea na hadithi.

Nilipostaafu niliamua kumtengenezea shahidi. Ningeiunda injini yake kwa kipimo, kila kitu mahali pake, watu waione na waamini.

Nieleze kidogo kazi hii, maana wengi hudhani ni kuchonga kitu cha kuchezea. Kwanza unachagua kipimo. Changu kilikuwa sentimita moja kwa ishirini za kweli, na ukishakichagua kinakutawala: mlango, gurudumu, hata kishikio cha mlango, vyote hugawanywa kwa ishirini. Mwili niliufanya kwa bati la makopo ya maziwa. Fimbo za magurudumu zilitoka kwenye njiti za mwavuli. Vichwa vya ribiti, zile pini za chuma zinazounganisha bati na bati, nilivitoa kwa kuligonga bati kwa msumari kutoka nyuma, kimoja kimoja, na nilipokosea safu nilitupa bati zima nikaanza upya. Huo ndio moyo wa kazi yenyewe. Ukishasema "hakuna atakayeona", umeshaharibu.

Kipimo kinahitaji picha. Kwenye simu nilijiunga na kundi la watu wanaounda treni ndogo, wa nchi mbalimbali, na mmoja wao akanitumia ukurasa wa kitabu cha zamani wenye injini ya aina ya baba. Injini imesimama ikitazama kushoto. Bati la namba limezibwa na mvuke. Kwenye ngazi yake wameketi wafanyakazi watatu wanakula, mmoja amevaa kofia. Niliichapisha picha kubwa nikaitundika ukutani, nikawa naipima kwa rula na miwani ya kukuzia. Nilizihesabu ribiti zote. Wale watu sikuwaangalia, kwa sababu watu sikuwa nawaunda.

Tatizo lilikuwa moja. Baba alisema siku zote kuwa dereva wake alikaa kulia, yeye akisimama kushoto. Picha ilisema kinyume. Kwenye injini za namna ile kuna fimbo ndefu inayotoka kwa dereva kwenda mbele kwenye magurudumu, ya kuifanya injini iende mbele au irudi nyuma. Inapopita fimbo hiyo, ndiko aliko dereva. Na injini ikitazama kushoto, ubavu unaouona ni wa kushoto. Fimbo ilikuwa pale, wazi kabisa. Nikakifunga kiti cha dereva kushoto kwa skrubu mbili. Baba sikumuuliza. Niliona ni kumsumbua mzee bure.

Shule yangu ya zamani ilifanya maonesho ya kazi za mikono, nikaombwa nipeleke injini. Nikampeleka na baba, nimemvika kanzu mpya. Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, kwa hiyo aliitazama kwa vidole. Alianzia kwenye bomba la moshi akarudi nyuma taratibu, akitaja kila alichokigusa, na watu waliosimama pale wakasogea karibu. Kwa mara ya kwanza nilimwona anasikilizwa bila mtu kukonyezana na mwenzake. Mkono ukaingia chumba cha dereva. Ukasimama.

"Kiti cha dereva umekiweka kwangu," alisema.

"Baba, hapo ndipo pake."

"Hapa nlisimama miye. Dereva kule."

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, "Haya baba, nitatazama," basi. Lakini mimi ni mwalimu, na kosa likisemwa mbele ya watu nalisahihisha. Nililisahihisha kwa upole, kwa sauti ile ile niliyotumia darasani. Nikaitoa picha kwenye simu, nikawaonesha watu fimbo, nikaeleza kwa nini ubavu ule ni wa kushoto. Nikamalizia, "Miaka ni mingi, baba. Kila mtu husahau."

Muuza samaki mmoja, rika la kaka yangu mkubwa, ambaye mzaha wake na baba ulikuwa wa siku nyingi, akasema, "Mzee, hiyo injini uliipanda au uliiona ikipita?"

Mwingine akadakia, "Aliiona ikimjia kwa mbele, ndo maana kushoto kumekuwa kulia!"

Walicheka mpaka watoto wasiojua kinachochekwa wakacheka. Baba akautoa mkono wake akaupangusa kwenye kanzu, ingawa injini haikuwa na vumbi.

"Basi," alisema. "Mwalimu kasoma."

Tangu siku ile hakuniuliza tena kama namwamini. Nikimchokoza kwa swali la treni anasema kasahau, na neno hilo alilitamka kama lilivyotoka kinywani mwangu. Aliishi miaka miwili hivyo. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Maiti huanzwa kwa viungo vya kulia, na nilipoushika mkono wake wa kulia nililiona lile kovu la moto kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Nilikuwa nalijua tangu utoto: bomba la mvuke lilimchoma alipokuwa amechungulia dirishani. Nililimwagia maji, nikaendelea.

Siku ya khitma, mama mdogo alikuja kutoka Kojani. Ni mdogo wake marehemu mama, hajasoma shule ila chuo cha Kurani. Baada ya watu kula alipita chumbani kwangu kuweka buibui lake, akasimama mbele ya picha ukutani.

"Huyu mvaa kofia ni Muislamu?"

"Nadhani, mama mdogo."

"Mbona ala kwa shoto?"

Nikasema labda mkono wake wa kulia una kilema.

"Na huyu mwenzake? Na yule?" Akanitazama kwa huruma. "Wote watatu vilema, mwanangu? Hebu watazame."

Nikawatazama. Miaka mitatu ile picha ilikuwa mbele ya uso wangu. Watu watatu wanakula kwa mkono wa kushoto mbele ya mpigapicha, jambo ambalo kwetu mtoto wa miaka minne hupigwa kofi la mkono akilifanya, na mimi nilikuwa nahesabu ribiti.

Nikatoa simu, nikaigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Ni jambo la kawaida na nilipaswa kulijua: mchapaji akiiweka filamu mgongo juu, yaani upande wa nyuma ukawa mbele, kushoto huwa kulia na hakuna anayegundua, isipokuwa pakiwa na maandishi. Maandishi yalizibwa na mvuke. Sasa injini ilitazama kulia. Wale watu wakala kwa mkono wa kulia. Fimbo ikawa ubavu wa kulia, na dereva pamoja nayo. Fayamani akabaki kushoto, amechungulia dirisha la kushoto akitazama mbele, mkono wake wa kulia ndio ulio ndani, karibu na mabomba ya moto. Lile kovu nililiosha kwa mikono yangu.

Nilikifungua kiti nikakihamishia kulia. Fimbo nayo nikaihamisha, kazi ya wiki mbili. Kisha nikaibeba injini mpaka kwa yule muuza samaki, ambaye siku hizi hukaa kizingitini kwake baada ya alasiri. Nikamweleza yote hatua kwa hatua: picha, mikono, fimbo, kovu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Maskini, Mungu amrehemu," alisema. "Alitufurahisha sana na uongo wake ule."

"Haukuwa uongo. Ndiyo nakueleza."

"Nimekusikia, mwalimu. Lakini siye tulikuwa twatania tu, toka zamani, na mwenyewe akijua. Aliyesema kakosea, ukatoa na picha, ni weye."

Aliniuliza kama injini nauza, mjukuu wake angeipenda. Nikasema hapana, nikaibeba nikarudi nyumbani.

Iko juu ya kabati. Ukiipima haina kosa tena, ila ukichungulia chumba cha dereva, kwenye sakafu upande wa kushoto, pale baba alipokuwa akisimama, kuna matundu mawili ya skrubu. Nina bati la kuyaziba. Sijayaziba.