Kitufe Kimoja cha Shangazi Rusanka

Siku Stamen alipomwona Rusanka kwa mara ya kwanza, alimfungia betri ambazo hakuzitaka.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule unaopanda kutoka mto Danube na kukaa sokoni katika mji wa Vidin mpaka mchana. Stamen alikuwa kibandani mwake, katikati ya rimoti zilizoning'inia kwenye misumari. Mama mrefu mwenye koti la kijivu akasimama mbele yake. Kwa haya aliyokuwa nayo, Stamen hakuwa mtu wa kumkazia mteja macho. Alimtazama kipaji cha uso tu.

"Betri?" akauliza.

Kichwa cha yule mama kikatikisika kulia na kushoto. Na kwao Vidin, anayekubali ndivyo anavyotikisa. Anayekataa hukiinua juu mara moja na kupiga ulimi. Stamen akafunga betri kwenye karatasi.

"Nani kakwambia nataka betri?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kana kwamba inatoka chumba cha pili.

"Si umekubali, shangazi?"

"Mimi sijakubali. Kichwa ndicho kilichokubali."

Gancho, muuza kabichi wa meza ya jirani, akacheka hadi akakohoa. "Huyo ndiye Rusanka wa simu! Mimi humuuliza tu, nikupimie kilo kumi? Halafu namtazama kichwa. Soko zima halina mteja kama huyu!"

"Cheka, Gancho, cheka," alisema Rusanka. "Na wewe utazeeka. Sijui kwako kitakachotikisika ni nini."

Stamen akajikuta anatabasamu. Akazirudisha betri mahali pake na kumpa mama kiti.

Rusanka alikuwa ameunganisha simu za mji ule maisha yake yote ya kazi, posta, kichwani amevaa spika za masikio, akichomeka waya huku na kuchomoa kule. Alijua nani alimpigia nani usiku wa harusi na usiku wa msiba, na hakusema. Mumewe, Boyan, alikuwa fundi redio kwenye meli za mtoni. Alipostaafu aligeuza sebule yao kuwa sinema: televisheni kubwa, deki, amplifaya na spika kila pembe. Kisha Boyan akafa. Ugonjwa wa kutetemeka ukamwingia Rusanka mikononi, ukapanda shingoni, na mwisho ukaichukua sauti. Tangu hapo kichwa chake kilikuwa kimekubali mambo mengi: mashine ya kufyonza vumbi kutoka kwa kijana aliyebisha hodi, mkataba mpya wa simu, kabichi za Gancho.

"Nina rimoti tatu," alimwambia Stamen. "Nataka moja. Na katika hiyo moja, nataka kitufe kimoja."

"Kwa nini kimoja tu, shangazi?"

Akamweleza. Mwezi uliopita mkono ulimponyoka juu ya rimoti ya amplifaya, sauti ikapanda hadi mwisho, na kila alipojaribu kuishusha aliipandisha. Majirani wakaita zimamoto. Mwanawe Radoslav akaja kutoka Sofia. Hakugomba. Aliketi, akavua glavu, akasema kwa upole kwamba mama asiyeweza kuwasha na kuzima televisheni yake hawezi kuishi peke yake. Angerudi Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu, kuona. Akiona mama anajiweza, angemwacha nyumbani kwake. La sivyo, kulikuwa na makao ya wazee huko milimani.

"Na Radoslav akisema jambo kwa upole," Rusanka aliongeza, "mimi mgongo unaniganda."

Stamen akafuatana naye hadi kwake alasiri ile ile. Mlango wa jengo, kama milango yote ya mtaa, ulibandikwa matangazo ya waliokufa, sura zao zikimtazama kila anayeingia. Boyan alikuwapo, karatasi yake imefifia. Kando yake palikuwa na nafasi safi.

"Hapo wamenibakizia," Rusanka alisema, akapita.

Ndani walimkuta mtu anapima kwa utepe. Alikuwa na ufunguo wake mwenyewe. Alisema ametumwa na Bwana Radoslav kuangalia madirisha, kwa sababu majira ya baridi yanakuja. Lakini Stamen, akiwa amepiga magoti nyuma ya deki, alimwona akipima ukuta hadi ukuta, akipima jiko, akipima hata kabati la makoti. Kisha akaipiga picha dari, akaaga kwa adabu, akaondoka.

"Madirisha aliyatazama?" Rusanka akauliza.

"Sikuona, shangazi."

Stamen akageukia kazi, maana kazi aliijua. Aliilaza mezani rimoti mpya aliyokuja nayo, akaielekeza uso kwa uso na kila moja ya zile za zamani kwa zamu, akaifundisha alama zao, moja baada ya moja. Tatizo lilikuwa mkono wa Rusanka. Kwa rimoti nyingi kitufe cha kuwasha ndicho cha kuzima. Mkono unaotetemeka hubonyeza mara mbili: televisheni inazimika, amplifaya inabaki inanguruma, vitu vinapishana. Basi Stamen akatafuta alama za kuwasha peke yake, zisizozima, akazipanga kwa mfuatano: televisheni kwanza, subira kidogo mpaka iamke, halafu amplifaya, halafu deki. Akakata kadibodi, akafunika vitufe vyote, akaacha tundu moja.

"Hiki ni cha kuwasha tu," alisema. "Ukibonyeza mara kumi, hakuna kitakachozimika. Usiishike rimoti, ilaze juu ya kitambaa, uielekeze kule, ubonyeze, uondoe mkono. Kuzima, tumia swichi ya ukutani pale mlangoni."

Rusanka akabonyeza. Kioo kikawaka, spika zikapumua, na kwaya ya akina mama wa vijijini, ile aliyoipenda Boyan, ikajaa chumbani. Akajaribu tena na tena mpaka jua likazama, na kila mara ilitii. Alimkatia Stamen kipande cha banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, mikono ikitetemeka, na jibini nusu ikaishia mezani.

"Jumamosi uje," alisema. "Ukae hapo tu, mwanangu. Nikikuona sitaogopa."

Jumamosi ya Wafu watu walipeleka ngano ya kuchemsha makaburini, wakamwaga divai kidogo ardhini, wakarudi na matope viatuni. Stamen alikuwa ameshaketi sebuleni Radoslav alipopanda ngazi na yule mtu wa utepe. Leo hakuwa na utepe. Alikuwa na tai na mkoba.

"Mama, tuonyeshe," Radoslav alisema.

Rusanka akalaza rimoti juu ya kitambaa. Akabonyeza, akaondoa mkono. Kioo kikawaka. Spika zikapumua. Kwaya ikaanza. Akamgeukia mwanawe, na kwa mara ya kwanza Stamen aliona alivyokuwa msichana pale posta.

"Safi kabisa," Radoslav alisema. Akatembea hadi kwenye amplifaya na, kwa mkono wake, akaongeza sauti. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya mama yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Mama," alisema kwa nguvu juu ya nyimbo, "tulizungumza kuhusu yale makao. Una chumba chenye jua. Nyumba hii tunamuuzia huyu bwana. Unakubali?"

Midomo ya Rusanka ikasema hapana. Stamen aliiona. Sauti haikufika popote, kwaya iliimeza. Na kichwa kikatikisika, kulia na kushoto, kulia na kushoto.

"Umeona?" Radoslav alimuuliza mtu wa mkoba.

"Nimeona."

Rusanka akakipiga kile kitufe, akakipiga tena, akakipiga tena. Hakuna kilichozimika. Ndivyo Stamen alivyokitengeneza. Stamen akaruka kutoka kitini, akajikwaa kwenye zulia, akafika mlangoni, akazima swichi ya ukutani. Kwaya ikakatika.

"Hapana," Rusanka alisema. Sasa ilisikika. Na kichwa bado kilikuwa kinakubali.

Radoslav akahema kwa huzuni. "Unaona, bwana? Mdomo unasema hili, kichwa kinasema lile. Hata daktari wa makao nitamwambia hivyo. Hajui tena anachokitaka."

"Amesema hapana," Stamen alisema. Masikio yalimwaka moto. "Ule ni ugonjwa wa shingo. Soko zima linajua. Amesema hapana."

Radoslav hakukasirika. Alimwekea Stamen mkono begani, mzito na wa joto, akamsindikiza hadi mlangoni. "Bwana fundi, kazi yako ni nzuri mno. Nakushukuru. Lakini wewe ni mtu wa rimoti."

Stamen alirudi kesho yake na siku iliyofuata. Kengele haikuitikiwa. Alimwambia polisi wa zamu, naye akamwambia kwamba mama na mwanawe ni mambo ya nyumbani. Gancho hakucheka tena; alikuja kusimama naye chini ya jengo, mikono mfukoni.

Siku ya theluji ya kwanza gari lilikuwa mlangoni. Radoslav alikuwa anafunga buti ya gari. Pale mlangoni, kati ya matangazo ya wafu, ile nafasi safi bado ilikuwa wazi. Rusanka alikaa kiti cha nyuma, blanketi magotini, kichwa kikikubali kwa kila mpita njia, nao wakimpungia mkono, wakidhani anafurahia safari.

Stamen akakimbilia dirishani. Radoslav akaingia nyuma ya usukani, injini ikawaka, na kioo kikaanza kupanda chenyewe. Radoslav alikuwa anakipandisha kutoka mbele. Rusanka alimwona Stamen. Akainua mikono yake miwili inayotetemeka, akakikamata kichwa chake pande zote mbili, akakibana kwa nguvu zote mpaka vidole vikawa vyeupe, na kikatulia.

"Nimekishika, mwanangu," alisema kupitia ufa uliobaki. "Sasa niulize wewe."