Sauti ya Kaka Mdomoni Mwangu

Ijumaa, tarehe saba Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kaka yangu alianguka bafuni kwa presha na hakuamka. Tulimzika alasiri. Katika nyumba yetu ya Bagamoyo tulibaki wawili, mama na mimi, na mimi nina sauti ya kaka.

Mama ana mtoto wa jicho, watu anawajua kwa sauti, na hata yeye kwenye simu alikuwa akituchanganya. Siku ya tatu baada ya maziko nilimwita kutoka uani, nikasikia bakuli linaanguka. Nilimkuta ameshika ukuta.

"Mwanangu," akaniambia, "ukiniita, jitaje kwanza."

Tangu hapo kila nilipofungua mdomo nilianza, "Mama, ni mdogo." Niliogopa kwamba siku nitakayosahau nitamuua.

Kaka alikuwa mwigizaji. Miaka mingi aliigiza jukwaani, ambako mtu wa mstari wa mwisho lazima akusikie. Alipoitwa kwenye tamthilia ya luninga, sauti ile ikamponza. Walimwambia, "Mzee, unamgombeza nani? Kinasa sauti kiko kifuani mwako." Akarudi nyumbani kujifunza upya, mtu wa miaka hamsini. Alimpakata paka wetu aliyelala, akasema maneno yake yote. Paka akiamka, anaanza tena. Mama alimcheka: "Jukwaani ulilipwa kuamsha watu, sasa unalipwa kulaza paka."

Baada ya arobaini akaja mwongozaji wa ile tamthilia, mwanamke mpole. Onyesho la mwisho la kaka walilirekodi ufukweni Mlingotini, na upepo uliharibu sauti yote. Kaka alikuwa aende studio kurudia maneno yake wiki ileile aliyofariki.

"Siku ya msiba ulipopokea simu yake nilidhani ni yeye," akaniambia. "Njoo umsemee. Ni sentensi sita tu."

Mimi ni seremala, niliishia darasa la saba, na kuigiza sijui. Sikukataa, na nitasema kweli kwa nini: nilitaka kumwona. Mama sikumwambia.

Studio ilikuwa chumba kidogo Mapinga, kuta zimezibwa kwa magodoro. Kaka akatokea kwenye kioo cha luninga, amesimama mbele ya kibanda, mdomo wake unakwenda na hakuna kinachotoka. Sentensi ya kwanza ilikuwa, "Shikamoo mama." Mara ya kwanza nilichelewa, mdomo ukafunga kabla yangu. Mara ya pili nikapaza mno. Ndipo nikaweka mikono mapajani kama niliyempakata paka, nikasema taratibu. Sauti ikamwingia mdomoni.

Tulipomaliza nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo, nikataja jina langu mara mbili. Lilitoka kwa sauti yake.

Kipindi kilirushwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa nimemwomba Mungu umeme ukatike. Haukukatika, na shangazi akaja akaiwasha luninga mwenyewe. "Wifi, leo tunamwona mwanetu," akasema, akamsogezea mama kiti. Mimi nilikaa nyuma yao. Sikuangalia kioo, niliangalia mabega ya mama.

"Shikamoo mama," kaka akasema.

"Marahaba," mama akaitikia.

Shangazi akaanza kulia. Mama hakulia. Alisikiliza sentensi mbili zaidi, mikono juu ya magoti. Mabega yake hayakusogea, nami nikanyanyuka nusu, tayari kumdaka.

"Huyu si yeye," akasema. "Yeye alikuwa akiniamkia tangu njiani, mtaa mzima wasikie. Huyu mdogo."

Shangazi akageuka kunitazama.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nisamehe."

Kaka aliendelea kuzungumza kwa sauti yangu, na mimi sikujua nimnyamazishe vipi.

"Zima sauti," mama akasema.

Nikaizima. Mdomo wa kaka ukaendelea kwenda.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Amevaa nini?"

"Shati la buluu," nikasema. "Mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko."

"Endelea."

Nikaendelea kumwambia, mpaka kaka alipogeuka na kuingia kibandani.