Udongo wa Njano wa Kama

Nilirudi katika kijiji cha Kama kwa sababu ya udongo wa njano. Kazi yangu ni kupima mawe ya chuma, na maabara moja ya ng'ambo ilikuwa imenipa siku mbili tu kwenye mashine ya Mossbauer, inayopima sumaku iliyomo ndani ya chuma. Nikifika bila udongo huo, nafasi inakwenda kwa mwingine. Lakini niliogopa. Katika miaka ya vita, nikiwa mwanafunzi, mimi na kaka yangu Ramazani tulibeba mfuko wa udongo huohuo, na kwenye kizuizi cha barabarani wenye bunduki wakadhani ni dhahabu. Waliumwaga, wakamchukua Ramazani awabebee mizigo. Alirudi baada ya miezi minane, na hatukulizungumza jambo hilo tena. Aliyeutaka udongo ule ni mimi.

Alfajiri nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, nikapanda pikipiki ya kukodi. Mvua ilikuwa imenyesha, na kila penye mlima mimi na dereva tulishuka tukasukuma. Kizuizi kilikuwa palepale pa zamani, mti mmoja juu ya mapipa mawili. Sikuwa na mzigo wowote, wakaniacha nipite.

Nilifika Kama mchana. Ramazani, ambaye siku hizi anachimba dhahabu, alinipeleka shimoni tukajaza mfuko. Akaupitishia sumaku, ile wanayotumia wachimbaji kutoa mchanga mweusi kwenye dhahabu. Hakuna kilichonasa.

"Udongo yako iko mufu, mudogo wangu," alicheka.

Haukuwa mfu. Ndani yake kila chembe ya chuma ni sumaku, ila jirani yake ameelekea upande wa pili, nguvu zao zikafutana. Mashine hurusha miale inayozisikia chembe zenyewe, na ukiongeza nguvu kubwa ya sumaku kutoka nje, unaona zinavyogeuka. Ndicho nilichotaka kukipima.

Asubuhi nilitoka kuoga nikamkuta Ramazani akikoroga udongo wangu, unafuka moshi katika sufuria pana, juu ya makaa, mwekundu kama tofali. Wachimbaji hukausha mchanga wao hivyo. Lakini udongo huu ukichomwa huwa madini mengine kabisa.

"Yaya, umeniua!" nilimpigia kaka yangu kelele. "Nani amekutuma?"

Hakuacha kukoroga. "Ile njano njo ilituponza. Sasa iko nyekundu. Nani atasema njo dhahabu? Minaogopa watakubeba weye."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka yote nilidhani ananilaumu, kumbe alikuwa akiniogopea. Niliona haya, nikaketi chini kando yake. Nilimweleza kwamba nauhitaji mbichi, na kwamba sitamlazimisha. Aliiepua sufuria, akachukua jembe, tukarudi shimoni.

Saa saba tulikuwa njiani kurudi, sote wawili kwenye pikipiki. Udongo mpya wa njano alikuwa ameupakata yeye. Alikataa kunipa; mimi nilibeba ule mwekundu.

Kizuizini askari alinyoosha mkono. "Njo nini iko mu mufuko?"

"Njo udongo, mukubwa," Ramazani alisema, jasho likimtiririka shingoni. "Mudogo wangu anajifunza mawe."

Askari aliingiza vidole, akausugua udongo, akaunusa. Askari akajifuta kwenye suruali.

"Mupite."

Ramazani hakusogea hadi nilipomshika mkono. "Njo vile tu?" aliniuliza, asiamini kwamba yameishia hivyo tu. "Njo vile tu?" Alirudia swali hilo hadi Alunguli, na kwenye mtumbwi akalia. Mimi pia.

Maabarani nilipima aina zote mbili. Udongo wa njano ulitoa mistari sita, na nguvu ya sumaku ilipopanda mistari ikaanza kubadilika, kama nilivyotarajia. Ule mwekundu nao ulitoa sita, imeachana zaidi. Fomu ya maabara ilidai nieleze kila sampuli iliandaliwaje na kwa nini. Kwa ule wa njano niliandika: "Mbichi. Umebebwa na Ramazani." Kwa ule mwekundu: "Umechomwa, ili nisikamatwe."