Hamza wa Mawe na Dhahabu ya Mpepai

Meseji ya binti wa Hamza nimeisoma mara nne. Nikabadilisha miwani, nikaisoma tena. Jamani, Hamza ameondoka kweli!

Kwa msiomjua, Hamza alikuwa mtaalamu wa miamba, mtu wa Lushoto, na rafiki yangu tangu enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa bibi shamba, nimetoka Bukoba. Serikali ikatutupa wote wawili Mpepai, kule Mbinga.

Siku ya kwanza alinisalimia kwa kunionyesha jiwe. Si habari za asubuhi, si pole na safari. Jiwe!

Tukishuka Mbamba Bay kula samaki wa ziwani, mbasa anapoa mezani, yeye anafundisha.

"Koku, zamani sana miamba hii ilikuwa chini huko, imefukiwa, inabanwa na kupikwa. Mwamba ukipikwa unatoa maji. Maji hayo ya moto yanapanda kwenye nyufa yakiwa na mawe yaliyoyeyuka na dhahabu kidogo sana. Ufa ukifunguka ghafla, mgandamizo unashuka, maji yanatua mzigo. Ndiyo hii kwatzi, jiwe jeupe, na dhahabu ndani yake. Ufa unaziba, unapasuka tena, mara nyingi mno. Baadaye nchi inainuka, mvua inakula kilima kutoka juu, na mshipa mweupe unatokeza nje."

"Hamza, samaki."

"Ngoja kwanza nimalize."

Hakuwahi kumaliza.

Sasa mshipa wa namna hiyo ulikatiza kilima cha Mpepai, katikati ya mashamba. Bosi mmoja wa wilayani akasikia. Akaitisha mkutano na kutangaza kwamba msimu ule kijiji kizima kitaweka jembe chini na kuchimba dhahabu. Ilikuwa inasubiriwa ripoti ya Hamza tu.

Mimi, bibi shamba, nikaanza kuhesabu magunia. Watu wangekula nini mwaka mzima, mawe?

Hamza akawaomba wanakijiji wachimbe mtaro mmoja mrefu, kutoka juu ya kilima hadi chini, ili aone mshipa ulivyopita. Kisha akaenda Songea kufuata vifaa.

Kurudi baada ya wiki mbili, mtaro hakuna. Kilima chote ni ngolo, yale mashimo yao ya kilimo! Wanaume walikuwa wamefyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, wanawake wamechimba mashimo katikati na kufukia nyasi kwa udongo, na maharage yameshapandwa kwenye matuta. Kazi safi kabisa, ya kupigia picha.

Hamza akashika kichwa. "Mama, mtaro wangu uko wapi?"

Mama Ndunguru, kiongozi wa akina mama, akamtazama. "Siku hizi wataalamu hawaamkii watu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtaro wa kushuka na mlima ni wa nini? Mvua ikinyesha itabeba udongo wote, dhahabu yako ukaifuate ziwani Nyasa. Sisi tumekuchimbia mashimo mengi. Chagua."

Nilijificha nyuma ya Land Rover kucheka. Angeniona angeninunia mwezi mzima.

Basi akapita shimo kwa shimo, karai mkononi, anaponda mawe meupe, anaosha udongo, na Mama Ndunguru yuko nyuma yake: "We mwanangu, usikanyage haragwe!" Siku nane hivyohivyo. Field ya namna hiyo hakufundishwa chuo chochote.

Siku ya mkutano bosi alikuja na hotuba yake tayari. Hamza akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, mishipa mingi ya kwatzi ni mitupu. Maji yalipita, yakaacha jiwe jeupe, dhahabu ikabaki kwingine. Hapa hakuna cha kumwachisha mtu jembe."

Bosi alivimba. Mwezi haukuisha, Hamza akapewa transfer, akapangiwa stoo ya kutunza vipande vya miamba, na cheo chake kikaganda palepale miaka nenda rudi. Mpepai wakavuna, wakala.

Kisa hiki nimewasimulia wanangu na wajukuu, hata kanisani. Nikisema, mtu mkweli niliyemwona kwa macho yangu ni Hamza.

Mwezi uliopita nilimpigia simu akiwa hospitali, nikamwambia nimekisimulia tena. Akacheka mpaka akakohoa.

"Koku, ilikuwepo."

"Nini?"

"Dhahabu. Nzuri tu, inaonekana kwa macho. Nikaimwaga, nikaifukia kwa mguu."

"Hamza! Na yale maelezo yote?"

"Yalikuwa kweli tupu. Ila ya kilima kingine." Akahema. "Sasa ningefanyaje? Yule mama alikuwa amesimama pale, na maharage yameshaota."

Nilimkatia simu kwa hasira. Dakika tano baadaye nikampigia tena, tukalia wote.

Mnaojiandaa kuja inboksi kuniuliza ni shimo lipi, hakuniambia. Na angeniambia, msingelisikia kwangu.

Hamza, uliwadanganya wakubwa, ukanidanganya na mimi zaidi ya miaka hamsini, ukaozea stoo bila kunung'unika ili watu wasiokuwa hata ndugu zako wapate kula. Nakupenda, na bado nimekasirika.

Haya, lala sasa, kaka yangu. Lala pema, mwongo mkubwa wewe.